Vidonge vya choa: kipi kinamfaa nani?

Barua mlizotuandikia kuhusu choa, ambacho wengine hukiita mashilingi, zinazunguka swali moja: krimu imeshindwa, sasa nimeze nini? Tumechagua chache na kuzijibu kwa kirefu kadiri kila moja ilivyohitaji. Dozi tunazotaja ni za mtu mzima, isipokuwa pale tunapomzungumzia mtoto. Zitumie unapoongea na daktari au mfamasia wako, kwa sababu yeye anajua figo zako, ini lako na dawa nyingine unazomeza.

SWALI: Nina choa mapajani, kiunoni na mgongoni. Nimepaka klotrimazoli wiki tatu. Kikinyauka hapa, kinachipuka pale. Duka la dawa wananiambia kuna terbinafini, itrakonazoli, flukonazoli na griseofulvini. Zinatofautianaje, na ipi ina nguvu zaidi?

JIBU: Kabla ya kidonge, hakikisha ni choa. Pumu ya ngozi ya aina ya mviringo hufanana nacho sana, na psoriasis, ugonjwa mwingine wa ngozi wenye magamba, pia, na hakuna kati ya hizo inayosikia dawa ya fangasi. Kipimo chake ni rahisi: magamba hukwanguliwa kwenye ukingo wa duara, pale palipoinuka na kuwasha, si katikati palipopoa. Hudondoshewa potasiamu haidroksidi, kisha hutazamwa kwa darubini, na jibu hupatikana siku hiyo hiyo. Ukiwa umepaka dawa ya fangasi hadi jana yake, kipimo kinaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Acha krimu wiki moja kabla.

Vidonge vina nafasi yake pale choa kinapoenea sehemu nyingi za mwili kama chako, kinapozama kwenye vinyweleo, kinapokuwa kichwani, kwenye ndevu au kwenye kucha, kinga ya mwili inapokuwa dhaifu, au krimu sahihi iliyopakwa sawasawa inaposhindwa. Kupaka sawasawa maana yake ni kuvuka ukingo wa duara kwa sentimita 2 hivi, kila siku, na kuendelea wiki 1 hadi 2 baada ya ngozi kuonekana imepona. Wengi huishia katikati ya duara na kuacha pale ambapo fangasi mwenyewe yupo.

Sasa dawa zenyewe. Kwa mtu mzima mwenye ini na figo nzima, terbinafini ndiyo tunayoitanguliza. Dozi ni miligramu 250 mara moja kwa siku, kwa wiki 2 hadi 4, pamoja na chakula au bila chakula. Dawa hii humzuia fangasi kutengeneza ergosteroli, mafuta yanayoshikilia utando wa seli yake. Wakati huo huo skwaleni, malighafi ya mafuta hayo, hurundikana ndani yake na kumuua. Sifa yake nyingine ni kwamba hujificha kwenye ngozi na kucha, ikaendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Kwa hiyo usishtuke ikiwa siku unapomaliza dozi bado kuna wekundu kidogo.

Itrakonazoli huzuia ergosteroli hiyo hiyo kwa njia nyingine. Dozi ya choa cha mwili ni miligramu 100 kwa siku kwa siku 15, au miligramu 200 kwa siku kwa siku 7. Nayo hubaki kwenye ngozi wiki 2 hadi 4 baada ya kumaliza. Ni dawa nzuri, ila ina masharti mengi kuliko zote. Kapsuli zake huhitaji tumbo lenye asidi na mlo kamili. Ukizimeza na chai tupu, sehemu kubwa hupita bila kuingia kwenye damu. Usizifungue kapsuli wala kuzisaga. Dawa ya maji ya itrakonazoli ni kinyume chake: hiyo hunywewa tumbo likiwa tupu. Watu hupewa moja kwa maelekezo ya nyingine, kisha dawa ikalaumiwa kwamba haina nguvu. Zaidi ya hayo, hugombana na dawa nyingi za magonjwa mengine, kama utakavyoona kwenye barua nyingine hapa chini.

Flukonazoli ndiyo rahisi zaidi kumeza. Hukaa muda mrefu mwilini, nusu yake ikiwa bado kwenye damu baada ya saa 30 hivi, ndiyo maana hutolewa miligramu 150 hadi 200 mara moja kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4. Haijali chakula wala asidi ya tumbo. Udhaifu wake ni kwamba fangasi wa choa hawaiogopi kama wanavyoiogopa terbinafini. Umaarufu wake umetokana na kutibu fangasi wa ukeni na wa kinywani, ambao ni jamii nyingine. Sisi huipa nafasi pale terbinafini isipowezekana. Hutoka mwilini kupitia figo, hivyo mwenye figo dhaifu huenda akahitaji dozi ndogo.

Griseofulvini ndiyo kongwe. Ilipatikana mwaka 1939 kutoka kwa kuvu wa Penicillium, na ikaanza kutumika kwa binadamu mwishoni mwa miaka ya 1950. Hii humzuia fangasi kugawanyika, lakini haimuui. Huingia kwenye ngozi mpya inayoota na kuilinda, kisha tunasubiri ngozi ya zamani ibanduke pamoja na fangasi wake. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini haina mkato: miligramu 500 hadi 1,000 kwa siku, kwa wiki 4 au zaidi, na imezwe na chakula chenye mafuta. Ukiacha kumeza, hutoka kwenye ngozi ndani ya siku chache, kwa hiyo anayeikatisha hana akiba yoyote. Kwa choa cha mwili wa mtu mzima hatuoni sababu ya kuanza nayo kama terbinafini ipo. Kichwani kwa mtoto ni habari nyingine.

Kwa hali uliyoieleza, kama huna ugonjwa wa ini wala figo, muulize daktari kuhusu terbinafini 250 kwa wiki 4, huku ukiendelea na krimu. Kuwasha hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Alama nyeusi zinazobaki ni rangi ya ngozi iliyoumia na huchukua miezi kufifia. Hizo hazihitaji dozi nyingine. Kinachoonyesha kwamba fangasi bado yupo ni ukingo ulioinuka, wenye magamba na unaowasha.

SWALI: Nilimeza terbinafini wiki mbili, kikakauka. Mwezi haujaisha kikarudi kikiwa kikubwa zaidi. Nilikuwa pia napaka krimu ya mchanganyiko ambayo ilituliza kuwasha siku ile ile. Je, niongeze dozi iwe vidonge viwili kwa siku?

JIBU: Usiongeze. Tupa krimu hiyo kwanza, au angalau tuma mtu akusomee kilichoandikwa kwenye tyubu. Krimu inayotuliza kuwasha siku hiyo hiyo karibu kila mara ina steroidi, mara nyingi betamethasoni au klobetasoli, iliyochanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria. Steroidi hunyamazisha kinga ya ngozi: wekundu unaondoka, kuwasha kunakoma, na fangasi anabaki akila bila kusumbuliwa. Ukiacha kupaka, kila kitu kinalipuka. Choa kilicholishwa steroidi hupoteza hata umbo lake; duara huwa ndani ya duara, kingo hufifia, vinatokea vipele kwenye vinyweleo. Fangasi akishashuka ndani ya kinyweleo, krimu haimfikii, na wiki mbili za kidonge hazitoshi. Kinenani na kwapani krimu hizo huchana pia ngozi na kuacha michirizi isiyofutika. Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu zinauzwa bila swali lolote, na zinaharibu ngozi za watu wengi.

Kuna sababu ya pili unayopaswa kuifikiria. Tangu katikati ya miaka ya 2010, India na nchi jirani zilianza kuona choa kikubwa, kinachowasha sana na kinachorudi baada ya terbinafini. Fangasi wake alipewa jina la Trichophyton indotineae mwaka 2020, na sasa ameonekana katika mabara mengine. Wengi wa fangasi hao wamebadilika kwenye jeni ya kimeng'enya kile kile ambacho terbinafini hukishambulia, kwa hiyo dawa inafika lakini haina pa kushika. Kuongeza dozi hakubadilishi hilo. Daktari akimshuku huyu, hutumia itrakonazoli, miligramu 100 hadi 200 kwa siku, na hupima muda kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi. Kama mahali ulipo kuna maabara ya kuotesha fangasi, omba magamba yako yaoteshwe kabla ya kuanza tena. Majibu huchukua hadi wiki 4, na yana thamani kuliko kubahatisha dozi ya tatu.

La tatu ni nyumbani. Angalia wote unaolala nao na mnaoshiriki taulo. Mmoja akiwa na kiduara kidogo asichokijali, utakuwa ukitibiwa wewe na kuambukizwa upya na yeye. Angalia na nyayo zako mwenyewe: magamba kati ya vidole vya miguu hupandishwa kinenani na chupi inayopitishwa miguuni. Vaa soksi kabla ya chupi mpaka upone. Fua nguo za ndani, shuka na taulo kwa maji ya nyuzi 60 kama kitambaa kinastahimili, na uzikaushe kabisa.

SWALI: Binti yangu ana miaka sita, uzito wake kilo 22. Ana mapunye; nywele zimekatika kwa mabaka na kuna magamba. Nimempaka krimu mwezi mzima. Kwa nini hayaponi, na vidonge ni salama kwa mtoto?

JIBU: Mama, krimu haitaponya mapunye hata ukipaka mwaka. Fangasi yupo ndani ya unywele na chini kwenye shina lake, na njia ya kumfikia ni kupitia damu. Mtoto wako anahitaji dawa ya kumeza, na hili si jambo la kusubiri, kwa sababu mapunye yaliyoachwa yakivimba yanaweza kuacha upara wa kudumu.

Uchaguzi ni kati ya dawa mbili, na unategemea aina ya fangasi. Jamii ya Trichophyton, ambayo hupita kati ya mtoto na mtoto kwa vitana, kofia na mashine za kunyolea, huitika vizuri kwa terbinafini. Kwa kilo 20 hadi 40 dozi ni miligramu 125, yaani nusu ya kidonge cha 250, mara moja kwa siku kwa wiki 4. Chini ya kilo 20 ni robo kidonge. Jamii ya Microsporum, ambayo mara nyingi hutoka kwa paka na mbwa wachanga, huitika vizuri zaidi kwa griseofulvini: miligramu 20 hadi 25 kwa kila kilo kwa siku, ambayo kwa binti yako ni takriban kidonge kimoja cha 500, kwa wiki 6 hadi 8, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Daktari mwenye taa maalumu ya urujuanimno anaweza kupata dokezo papo hapo: Microsporum canis hung'aa kijani, wengi wa Trichophyton hawang'ai.

Kwa wiki chache za matibabu, dawa zote mbili huvumilika vizuri na watoto. Daktari anaweza kupima ini kabla ya terbinafini, hasa kama mtoto amewahi kuwa na manjano.

Ongeza shampuu ya ketokonazoli asilimia 2 au seleniamu salfaidi mara mbili kwa wiki, ikae dakika 5 kichwani kabla ya kusuuza. Haiponyi, lakini inapunguza mbegu za fangasi anazowapa wenzake. Ndugu zake nao waoshwe, hata wasio na dalili, na mnyama mwenye manyoya yaliyonyonyoka apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Na tahadhari moja: uvimbe laini, unaouma, unaotoa usaha kichwani unaweza kuonekana kama jipu kumbe ni mapunye yaliyochachamaa. Usikubali upasuliwe kabla ya fangasi kufikiriwa.

SWALI: Baba yangu ana miaka 68, moyo wake uliwahi kushindwa kufanya kazi vizuri na bado yuko kwenye dawa. Anameza pia simvastatini ya lehemu na omeprazoli ya kiungulia. Ameandikiwa itrakonazoli miligramu 200 kwa choa cha mgongoni. Aanze?

JIBU: Asianze. Rudini kwa aliyeandika mkiwa na pakiti zote za dawa za mzee mkononi.

Itrakonazoli hupunguza nguvu ya moyo kusukuma damu, na kwa choa cha ngozi haipaswi kupewa mtu aliyewahi kupata shida ya namna hiyo. Pili, huzuia ini kuvunja simvastatini. Lehemu inashuka vizuri lakini dawa inajaa kwenye damu na inaweza kuyeyusha misuli, na mabaki ya misuli yakaziba figo. Tatu, omeprazoli huondoa asidi ambayo kapsuli inaihitaji, hivyo mzee angebeba hatari zote hizo na bado dawa isifike kwenye ngozi.

Kwa choa cha mgongoni peke yake krimu ya terbinafini, mara moja au mbili kwa siku kwa wiki 1 hadi 2, inaweza kumtosha. Tafuta mtu wa kumpaka. Mzee hafiki mgongoni mwenyewe. Ikilazimu kidonge, terbinafini ina ugomvi mdogo zaidi, lakini nayo huchelewesha kuvunjwa kwa metoprololi na karvediloli, ambazo wagonjwa wa moyo hupewa sana, kwa hiyo mapigo yafuatiliwe. Hudhoofisha pia kodeini isitulize maumivu. Figo zikiwa zinafanya kazi chini ya nusu ya kawaida, terbinafini haishauriwi.

Wengine mnaosoma hapa: anayemeza rifampisini ya kifua kikuu ajue kwamba hiyo huondoa terbinafini, itrakonazoli na flukonazoli mwilini haraka kuliko kawaida. Anayemeza warfarini apimwe damu mapema, kwa sababu itrakonazoli na flukonazoli huizidishia nguvu, na griseofulvini huipunguza.

SWALI: Nina mimba ya miezi minne na choa kifuani. Kuna kidonge salama?

JIBU: Dada, kaa kwenye krimu. Klotrimazoli asilimia 1 au mikonazoli, mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4. Griseofulvini na itrakonazoli haziruhusiwi kwa choa ukiwa mjamzito, flukonazoli huepukwa, na terbinafini ya kumeza inaweza kungoja hadi utakapojifungua na kumaliza kunyonyesha. Wanaopanga kupata mtoto nao wazingatie: mwanamke asubiri angalau mwezi 1 baada ya griseofulvini, na mwanamume miezi 6. Griseofulvini pia huweza kuzifanya tembe za uzazi wa mpango zisifanye kazi. Tumia na kondomu.

SWALI: Nimemaliza terbinafini mwezi mzima kwa mabaka meupe ya kifua na shingo, hayajabadilika hata kidogo. Ni usugu?

JIBU: Hapana. Mabaka bapa, meupe au ya kahawia, yenye unga mwepesi ukiyakwangua kwa ukucha, ambayo hayawashi sana, ni mba wa mwili. Anayeyasababisha ni Malassezia, na terbinafini ya kumeza haimgusi, wala griseofulvini. Paka shampuu ya seleniamu salfaidi asilimia 2.5 kwenye eneo lote, iache dakika 10, suuza, rudia kila siku kwa siku 7. Yakiwa mengi mno, daktari anaweza kukupa flukonazoli miligramu 300 mara moja kwa wiki kwa wiki 2. Unga ukiisha, umepona. Rangi itarudi taratibu kwa miezi.

SWALI: Nimesoma kwamba vidonge hivi huua ini. Pia nipo wiki ya tano ya terbinafini kwa ajili ya kucha na chakula hakina ladha. Niache?

JIBU: Tuanze na ladha. Terbinafini inajulikana kwa hilo, hasa matibabu yakivuka mwezi. Kwa wengi ladha hurudi wiki kadhaa hadi miezi michache baada ya kuacha. Kwa wachache sana hukawia zaidi. Kwa kuwa kucha si ugonjwa wa dharura, ongea na daktari wiki hii kuhusu kusimamisha, usivumilie hadi wiki ya 12 huku unakonda.

Kuhusu ini, hofu ina msingi lakini ukubwa wake umekuzwa. Madhara makubwa ya ini kutokana na terbinafini yanakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 50,000 hadi 120,000 wanaoandikiwa, na kwa kawaida hutokea ndani ya wiki 6 za mwanzo. Mtu mwenye ugonjwa wa ini asiitumie. Wengine wapimwe ini kabla ya kuanza, na wanaomeza kwa muda mrefu warudie. Kipimo hakikuambii yote, kwa hiyo zijue dalili: mkojo wa rangi ya chai nzito, choo kilichopauka, macho ya manjano, maumivu chini ya mbavu za kulia, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula kusikoelezeka. Ukiona mojawapo, acha kidonge siku hiyo na ukapimwe. Pombe iweke kando wakati wote wa dozi, na kwa anayemeza griseofulvini iwe marufuku kabisa, kwani huleta uso kuwaka, moyo kwenda mbio na kutapika.

SWALI: Nimebakiwa na vidonge vya ketokonazoli vya zamani. Naweza kuvitumia kwa choa?

JIBU: Hapana. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya zilipendekeza visimamishwe, na Marekani ikazuia visitumike kwa fangasi wa ngozi na kucha, kwa sababu ya madhara makubwa ya ini hata kwa watu waliokuwa wazima. Huvuruga pia homoni za tezi za juu ya figo. Krimu na shampuu ya ketokonazoli haziingii kwenye damu kwa kiasi hicho, endelea nazo bila wasiwasi. Vidonge vipeleke duka la dawa vikateketezwe.